Kosa la Kulinganisha: Nchi Mbili na Mjumbe Mmoja katika Kusadikika na Walenisi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi riwaya mbili za Kiswahili, Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, zinavyozilinganisha nchi zisizofanana kwa hali ya maisha wala kwa mfumo wa utawala. Usomaji uliozoeleka huzichukua nchi hizo kuwa mafumbo ya serikali halisi, kisha huuliza fumbo lipi linamlenga nani. Makala yanapendekeza usomaji mwingine: kwamba kiini cha riwaya zote mbili ni tendo lenyewe la kulinganisha, tendo ambalo katika nchi dhalimu huhesabiwa kuwa jinai. Baada ya kuchunguza sarufi ya ulinganishi na majina ya nchi hizo, makala yanaonyesha kuwa Shaaban Robert analinganisha sheria na kuyaacha maisha ya kila siku pembeni, ilhali Mkangi analinganisha maisha na kuliacha pembeni suala la anayepinga. Kila riwaya, kwa hiyo, ina pengo ambalo nyenzake inatusaidia kuliona.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Methali hii haina maana kwamba hakuna mjumbe aliyepata kuuawa. Kama hali ingekuwa hiyo, isingehitajika. Inasemwa kwa sababu kishawishi cha kumwadhibu mleta habari ni kikubwa, na hasa pale habari anazozileta zinapokuwa na sura ya ulinganishi: huko nilikotoka watu huishi vile, na sisi hapa tunaishi hivi. Habari ya namna hiyo haihitaji tusi ili iudhi. Inatosha kuziweka nchi mbili kando kwa kando.

Fasihi andishi ya Kiswahili imeitumia mbinu hii mara kwa mara. Shaaban Robert alibuni nchi ya Kusadikika inayoelea angani, akawatoa humo wajumbe sita kwenda kuziona nchi nyingine. Miaka 44 baada ya kitabu hicho kuchapishwa, Katama Mkangi alimtoa mhusika wake Dzombo katika nchi ya dhuluma na kumfikisha Walenisi, nchi ambako hakuna tabaka linaloishi kwa jasho la jingine. Waandishi hawa wanatofautiana kwa kizazi, nchi na itikadi. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akawa karani wa serikali ya kikoloni, akafariki mwaka 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru. Wa pili alikuwa mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye aliwekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani. Hata hivyo, wote wawili walifikia umbo lile lile la kisimulizi: mtu mmoja, nchi mbili, na mashtaka.

Uhakiki wa riwaya hizi umeelemea kwenye swali la ufananisho. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Kusadikika huanza kwa kutafuta ufunguo: Majivuno ni nani, baraza ni chombo gani cha kikoloni, Karama anawakilisha kundi lipi. Swali hilo ni halali, lakini likiachwa peke yake huigeuza riwaya kuwa kufuli linalofunguliwa mara moja kisha likatupwa. Makala haya yanauliza jambo la awali zaidi: nani ana haki ya kuilinganisha nchi yake na nyingine, mbele ya nani, na kwa gharama gani? Tunadai kuwa hilo ndilo suala la kisiasa lililo hai zaidi katika riwaya hizi, na kwamba mafanikio na mapungufu yake ya kisanaa hayaeleweki bila kulizingatia.

2.0 Sarufi ya Ulinganishi

Kabla ya kuziingia riwaya zenyewe, inafaa kutazama lugha inawapa waandishi wetu zana gani. Kiswahili hakina mnyambuliko wa kivumishi unaoonyesha ubora wa kitu kimoja juu ya kingine. Husema nchi hii ni tajiri kuliko ile, au nchi hii inaishinda ile kwa utajiri, au inaizidi, au inaipita. Vitenzi kushinda, kuzidi na kupita vinaufanya ulinganishi kuwa mwendo au mashindano. Nalo neno kuliko, ambalo leo tunalitumia bila kulifikiria, lina umbo la kirejeshi cha mahali: ku-li-ko, yaani mahali ambako kitu kipo. Kwa umbo lake, basi, kusema nchi ile ni bora kuliko hii ni kusema kuwa ubora wake unaonekana mtu akisimama hapa ilipo hii. Anayelinganisha anahitaji mahali pa kusimama, na mahali hapo panaathiri anachokiona.

Hatudai kuwa msemaji wa kawaida huyakumbuka hayo kila atumiapo neno hilo. Tunachosema ni kwamba riwaya tunazozichunguza zinatenda kwa mapana kile ambacho neno hilo linakitenda kwa ufinyu. Ndani yake hakuna ulinganishi unaofanywa na sauti isiyo na mahali. Kila ulinganishi unafanywa na mtu aliyesafiri, au aliyepokea habari za msafiri, na mtu huyo hatimaye anajikuta amesimama mbele ya watu wanaotaka kujua amepata wapi ujasiri wa kusema.

Majina ya nchi hizo nayo yanastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Kusadikika ni kitenzi-jina chenye kiambishi cha kauli ya kutendeka. Wanasarufi huonyesha kuwa kauli hii hueleza ama hali iliyokwisha kufikiwa, kama tunaposema mlango umefungika, ama uwezekano, kama tunaposema maji haya yananyweka. Katika matumizi yote mawili, mtenda hatajwi. Kusadikika ni kuwa katika hali ya kuweza kusadikiwa. Lakini kusadikiwa na nani? Jina linalikwepa swali hilo, na riwaya nzima inalirudia. Nchi ambayo kwa jina inasadikika ndiyo ambayo baraza lake halimsadiki mjumbe hata mmoja. Shaaban Robert aliitumia kauli hiyo hiyo katika jina la nchi yake nyingine ya kubuni, Kufikirika, na kwa hiyo ni vigumu kuamini kuwa uteuzi huo ulikuwa wa bahati.

Walenisi ni jina la aina nyingine. Ni sentensi kamili iliyokunjwa ikawa nomino: wale ni sisi. Kionyeshi wale huwaweka watu mbali na msemaji na msikilizaji. Kiwakilishi sisi huwarudisha karibu. Na kati yao kuna ni, kiungo kifupi kuliko vyote katika sarufi yetu. Kusadikika inatuuliza kama habari za mbali zinaaminika. Walenisi inadai kuwa huko mbali ndiko kwetu. Tofauti hii ya majina ni mhutasari wa tofauti ya riwaya zenyewe, kama tutakavyoona.

3.0 Kusadikika: Ulinganishi Mbele ya Baraza

Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na baraza lake kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Badala ya kukana, au kuomba msamaha, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya Kusadikika: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Majina yao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, na kila jina ni sifa njema. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, akaona mambo ya manufaa, akarudi na mapendekezo, akatiwa gerezani.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba wajumbe hawa hawakutoroka. Walikwenda kwa niaba ya nchi yao. Serikali yenyewe ilikubali kuwa kuna la kujifunza nje, ikagharimia kutafutwa kwake, kisha ikaufanya utekelezaji wa agizo lake kuwa kosa. Hapa Shaaban Robert amegusa tabia ya tawala nyingi, za kale na za sasa: hupenda kuwa na wajumbe, tume na ripoti, mradi ripoti isiwe na neno kuliko. Gereza la Kusadikika ndilo hifadhi ya nyaraka zake. Anayetaka kujua nchi imewahi kushauriwa nini hana budi kuhesabu wafungwa.

Jambo la pili ni namna baraza linavyoupokea ushahidi. Karama mwenyewe hakufika katika nchi zile, anasimulia yaliyosimuliwa. Mwanasheria wa kawaida angesimama na kusema kuwa huo ni ushahidi wa kusikia, na kwamba haujulikani kama nchi hizo zipo hivyo zilivyoelezwa. Lakini swali la ukweli wa habari silo lililowafunga wajumbe. Hakuna aliyetumwa tena kwenda kuhakikisha. Kilichowaudhi watawala si uongo wa ulinganishi bali uwezekano wake, yaani kule kudhani kuwa Kusadikika ni nchi mojawapo kati ya nchi, inayoweza kupimwa kwa kipimo kinachotumika pia kwingine. Majivuno, kama jina lake linavyomtangaza, hawezi kuvumilia kuwa mmoja wa wengi.

Hapa ndipo uanasheria unapoungana na safari. Kwa juu juu, mashtaka ya Karama na mikasa ya wajumbe ni mambo mawili tofauti, na msomaji anaweza kuhisi kuwa mwandishi ameshona hadithi sita juu ya kesi isiyohusiana nazo. Sivyo. Sheria, kama Karama anavyotaka ifundishwe, ni elimu ya kulinganisha tendo la mtu na kanuni iliyo nje ya mtu huyo, awe mkubwa au mdogo. Safari ni elimu ya kulinganisha nchi na nyingine iliyo nje yake. Zote mbili zinamnyima mtawala fursa ya kuwa kipimo cha nafsi yake. Baraza linaloogopa mjumbe lazima liogope pia mwanasheria.

Mazingira ya kihistoria yanaipa hoja hii uzito bila kulazimisha ufananisho wa mhusika kwa mhusika. Katika Tanganyika ya Waingereza, mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu katika mahakama za wenyeji. Baraza la Kutunga Sheria lililoanza mwaka 1926 halikuwa na Mwafrika hadi mwaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili. Wakati huo huo, kulinganisha kulikuwa haki ya upande mmoja. Vitabu vya shule na magazeti ya serikali viliizungumzia Ulaya kuwa kipimo cha maendeleo, na Afrika kuwa kitu kinachopimwa. Mwafrika aliyepelekwa Uingereza, kama Martin Kayamba aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu muungano wa nchi za Afrika Mashariki, alikwenda kuulizwa maswali, si kuuliza. Kusadikika inaigeuza njia hiyo. Raia ndiye anayekwenda kuona, na watawala ndio wanaolazimika kusikiliza siku baada ya siku.

Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho kuchapishwa, Kirilo Japhet alikwenda New York kuyaeleza Mataifa yaliyoungana jinsi Wameru walivyoondolewa katika ardhi yao huko Engare Nanyuki mwaka 1951. Alisikilizwa, ardhi haikurudishwa. Hatusemi kuwa riwaya ilitabiri safari hiyo. Tunasema kuwa umbo la mjumbe anayekwenda mbali ili neno lake lipate uzito nyumbani halikuwa njozi tupu katika Tanganyika ya miaka ile. Lilikuwa njia ya kisiasa iliyokuwa ikijaribiwa.

Hata hivyo, riwaya hii ina pengo kubwa. Nchi njema wanazozifikia wajumbe ni nyembamba. Tunaambiwa juu ya haki, busara, bidii na maadili yake, lakini ni machache tunayoelezwa kuhusu chakula cha watu wake, ujira wao, matibabu yao, na mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke. Mfumo wa utawala upo; hali ya maisha imefifia. Inaweza kujibiwa kuwa huo ndio utaratibu wa istiara, na kwamba nchi zenye kazi ya kuwa ushahidi hazihitaji masoko wala zahanati. Jibu hilo lina ukweli, na sisi wenyewe tumedai kuwa kazi ya nchi hizo ni kuwa ushahidi. Lakini lina gharama yake, na gharama hiyo inaonekana mwishoni. Karama anashinda, wajumbe wanafunguliwa na kuheshimiwa, na mageuzi yanakubaliwa. Nani aliyeyakubali? Baraza lile lile na mfalme yule yule. Kwa kuwa ulinganishi ulihusu hekima ya watawala, suluhisho linatokea ndani ya vifua vya watawala. Wale ambao maisha yao yangebadilika hawaulizwi, kwa sababu riwaya haikuwahi kutuonyesha maisha yao kwa ukaribu wa kutosha hata tukaona kuwa wana la kusema.

4.0 Walenisi: Ulinganishi Ndani ya Maisha

Mkangi aliandika katika mazingira mengine. Nchi yake ilikuwa huru tangu mwaka 1963, na serikali yake ilikuwa ya wananchi kwa jina. Lakini huko Kenya pia kuuliza na kulinganisha kulikuwa na bei. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi ambacho kichwa chake kilikuwa swali, Kenya: Twendapi?; alipotoka mwaka 1972 alihamia Dar es Salaam, akavuka mpaka kama wavukavyo wahusika tunaowajadili. Mwaka 1982 katiba ilirekebishwa ili chama kimoja tu kiwe halali, na mwaka huo huo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, akawekwa kizuizini. Mwaka 1988 wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea badala ya kupiga kura ya siri. Walenisi ilichapishwa mwaka 1995, miaka michache baada ya vyama vingi kurudishwa, wakati hofu ya miaka ile ingali mbichi.

Dzombo anahukumiwa kufa. Adhabu yake ni kutiwa katika chombo cha kurushwa angani. Serikali inakusudia kuwa safari hiyo iwe mwisho wake; kumbe inakuwa njia yake ya kuifikia Walenisi. Tuitazame kejeli hii kwa makini, kwa maana ndani yake Kusadikika imepinduliwa. Kwa Shaaban Robert, serikali inamtuma mjumbe kisha inamwadhibu arudipo. Kwa Mkangi, adhabu na utume ni kitu kimoja: kwa kumtupa nje mpinzani wake, utawala umemtuma bila kujua kwenda kuona yasiyopaswa kuonekana. Jela na safari, ambazo katika riwaya ya kwanza zinafuatana, katika ya pili zimeunganishwa.

Huko Walenisi Dzombo haoneshwi kwanza bunge wala mahakama. Anakutana na watu katika shughuli zao, na majadiliano marefu anayokuwa nayo pamoja na wenyeji wake yanahusu kazi, mali, usawa, na maana ya kuwa binadamu mbele ya binadamu mwingine. Mwanasosholojia anaonekana hapa. Kwa Mkangi, utawala si jambo linaloketi juu ya maisha kama kofia juu ya kichwa. Unatokana na jinsi watu wanavyogawana wanachozalisha. Ukitaka kujua nchi inatawaliwaje, tazama nani analima na nani anakula. Kwa hiyo ulinganishi wa nchi mbili hauhitaji hotuba ya mwendesha utetezi. Unafanyika katika mshangao wa mgeni, pale anapotafuta kitu alichokizoea asikione: mkubwa wa kuogopwa, maskini wa kuhurumiwa, mali ya kulindwa dhidi ya jirani.

Mshangao huo una thamani kubwa ya kisanaa, kwa sababu unaonyesha kuwa Dzombo, mpinzani wa dhuluma, ameibeba dhuluma ndani yake. Lugha yake ina maneno ambayo Walenisi hawana kazi nayo. Ulinganishi unaacha kuwa silaha dhidi ya watawala pekee, unamgeukia mlinganishaji. Karama hakuwahi kufikwa na hilo. Yeye anasimama mbele ya baraza akiwa mkamilifu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na sifa njema za wajumbe wake hazitiwi shaka. Dzombo anabadilika, na mabadiliko yake ndiyo hoja ya riwaya: wale hawawezi kuwa sisi mpaka sisi tuache kuwa tulivyo.

Lakini Walenisi nayo ina pengo lake, na si dogo. Majadiliano yake hayana upinzani wa kweli. Mgeni huuliza, mwenyeji hujibu, na jibu humaliza swali. Ni vigumu kumkumbuka mwenyeji ambaye ana hoja nzito dhidi ya utaratibu wa nchi yake, na ambaye riwaya inampa nafasi ya kuitetea kama Karama alivyopewa. Tunaambiwa kuwa hakuna anayedhulumiwa; hatuonyeshwi angefanya nini yule anayedhani kuwa amedhulumiwa. Kwa riwaya iliyoanza na mtu anayehukumiwa kufa kwa ajili ya fikra zake, ukimya huu unashtua. Mkangi alijua kwa mwili wake maana ya nchi inayomnyamazisha anayepinga. Alipojenga nchi njema, aliiondoa sababu ya kupinga, akadhani ameliondoa pia hitaji la mahali pa kupinga. Hayo si mambo mamoja.

5.0 Baraza Bila Shamba, Shamba Bila Baraza

Tukiziweka riwaya hizi kando kwa kando, tunaona kuwa kila moja inakosa kile ambacho nyingine inacho kwa wingi. Kusadikika ina baraza bila shamba: inatupatia mahali pa kusema, utaratibu wa mashtaka na utetezi, na mtu mmoja anayelazimisha wakubwa wamsikilize, lakini haituambii vya kutosha watu wanaishi vipi. Walenisi ina shamba bila baraza: inatupatia maisha ya pamoja, kazi yenye heshima na mali isiyonyang'anywa, lakini haituambii pale watu wanapotofautiana wanakwenda wapi.

Pengo hili linahusu historia ya fikra za kisiasa katika Afrika Mashariki, si ufundi wa waandishi wawili tu. Baada ya uhuru, mjadala wa Tanzania na Kenya uliendeshwa mara nyingi kana kwamba raia hana budi kuchagua kimojawapo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka mbele swali la nani anazalisha na nani anafaidi, huku chama kimoja kikiwa ndicho ukumbi pekee wa kulijibu. Upande wa Kenya, waraka wa serikali wa mwaka 1965 ulijiita wa ujamaa wa Kiafrika, lakini uliacha ardhi na mtaji vibaki mikononi mwa wenye navyo, na uhuru wa kusema ukaendelea kufinywa mwaka hadi mwaka. Wananchi wa nchi hizi walilinganishana sana, mara nyingi kwa mzaha, na kila upande ukaitumia dosari ya mwenzake kufunika yake. Ulinganishi wa namna hiyo hauhatarishi utawala wowote. Ni Majivuno anayelinganisha, si Karama.

Tofauti kati ya ulinganishi wa Majivuno na ule wa Karama ndiyo chombo cha uhakiki tunachokipendekeza. Majivuno huilinganisha nchi yake na nyingine ili raia waridhike na walicho nacho. Methali yake ni usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo ni ya busara pale anayeisema ni mwenye mbacha. Ikisemwa na mwenye zulia kumwambia mwenye mbacha, maana yake hugeuka. Karama hulinganisha ili nchi yake iwajibike, na yeye ndiye anayelipa gharama ya ulinganishi huo. Mhakiki anayesoma riwaya ya safari, wasifu wa mhamiaji au ushairi wa uhamishoni katika Kiswahili anaweza kuuliza: ulinganishi huu unamgharimu nani? Ikiwa anayelinganisha hana cha kupoteza, yafaa tuwe na tahadhari na nchi njema anayotuchorea.

Inaweza kudaiwa kuwa chombo hiki kinawapendelea wahusika wanaoteswa, na kwamba mateso si uthibitisho wa ukweli. Dai hilo ni la haki. Mjumbe aliyefungwa anaweza kuwa alikosea alichokiona. Lakini hatusemi kuwa kifungo kinamfanya mjumbe awe mkweli. Tunasema kuwa kifungo kinatueleza jambo kuhusu nchi iliyomfunga, jambo ambalo halitegemei kabisa hali ya nchi aliyotoka kuiona. Nchi za mbali katika Kusadikika zinaweza kuwa njozi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bado gereza likawa gereza.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa Kusadikika na Walenisi zinaungana katika kuufanya ulinganishi wa nchi mbili kuwa tendo lenye mahali, mtenda na gharama. Zinaachana katika kinacholinganishwa: ya kwanza inapima sheria, ya pili inapima maisha. Tumeonyesha pia kuwa uchaguzi huo umeacha alama katika miisho na miundo yake. Ulinganishi wa sheria pekee umemalizikia kwa msamaha na hekima ya mfalme. Ulinganishi wa maisha pekee umezaa nchi isiyo na mpinzani.

Matokeo ya usomaji huu kwa ufundishaji ni ya wazi. Kusadikika imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, na mara nyingi imefundishwa kama kitabu cha maadili kinachokwisha kwa furaha, au kama fumbo la ukoloni ambao umekwisha ondoka. Kwa njia zote mbili, gereza la wajumbe linawekwa katika wakati uliopita. Mwalimu anayeisomesha sambamba na Walenisi atawapa wanafunzi nafasi ya kuuliza maswali mawili ambayo hakuna riwaya kati ya hizi inayoyajibu peke yake: nchi njema inamlisha nani, na inamsikiliza nani? Mwanafunzi anayeyauliza maswali hayo kuhusu nchi mbili za kubuni atakuwa amejifunza pia jinsi ya kuyauliza kuhusu nchi ambayo ana kitambulisho chake.